Jina kwanza, nembo baadaye: mwongozo wa kuelekeza watu kwenye viwanda vya zamani

Mteja mwenye viwanda vilivyofungwa, anayetaka kuvigeuza kuwa maduka, ofisi na kumbi za sanaa, huwa na swali moja siku ya kwanza: "Nembo itakuwa tayari lini?" Mwagizie chai. Nembo ndiyo sehemu nyepesi kuliko zote katika kazi hii ya kubuni majina, vibao na ramani za eneo, na ukiianza mapema itakufunga mikono kwa yote yanayobaki.

Eneo la viwanda halikujengwa kwa ajili ya mgeni. Lilijengwa kwa ajili ya makaa, pamba, katani au mabehewa, na watu waliolifanyia kazi walilijua kwa miguu, gizani hata. Milango mikubwa ni ya mashine. Ghorofa hazifuatani. Bomba la moshi unaliona kutoka kila upande, lakini mlango wa jengo lake huuoni kutoka popote. Mgeni anapotea, na mtu aliyepotea hana habari na nembo.

Mfano nitakaourudia ni mgodi wa makaa ya mawe wa Zollverein, mjini Essen, Ujerumani. Mgodi ulianzishwa mwaka 1847. Shimo lake la XII, lililosanifiwa na Fritz Schupp na Martin Kremmer, lilianza kazi mwaka 1932 na kufungwa tarehe 23 Desemba 1986. Mwaka 2001 eneo liliingizwa kwenye orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO. Leo kwenye takriban hekta 100 kuna makumbusho, chuo, ofisi na kituo cha dansi, na watu wanafika wenyewe bila kushikwa mkono. Sio kila kilichofanyika pale kitakufaa, ila mambo mawili matatu yanafaa kuibwa mchana kweupe.

Hatua ya 1: Tembea kabla ya kufungua kompyuta

Nenda mara tatu: asubuhi, usiku, na siku ya mvua. Usibebe ramani ya msanifu majengo. Fika kwa njia atakayofika mgeni wa kawaida, yaani kwa daladala, matatu au mguu, si kwa gari la mteja linaloingia hadi ndani. Kule Essen watu wengi hupanda tramu namba 107 kutoka stesheni kuu na kushuka kituo kinachoitwa Zollverein. Maana yake kibao cha kwanza cha eneo si kile cha getini, ni jina la kituo. Kama kituo cha basi kilicho mbele ya kiwanda chako bado kina jina lingine, hiyo ni barua ya kwanza kuiandika kwa mamlaka ya usafiri, maana majibu yake huchelewa kuliko rangi kukauka.

Ukitembea, chora alama kwenye daftari kila unaposita. Usiandike sababu, weka nukta tu. Kisha mchukue mtu ambaye hajawahi kufika pale, mtume "mlango wa ghala la tatu", mfuate nyuma bila kusema neno, uweke nukta pale naye anaposita. Nukta zikirundikana mahali pamoja, hapo patahitaji kibao. Pasipo na nukta hapahitaji kitu, hata kama mteja anapapenda kwa picha.

Hatua ya 2: Kusanya majina

Hapa ndipo utumie muda wako mwingi. Ongea na walinzi, mama ntilie wa getini, madereva wa malori, na hasa wastaafu wa kiwanda. Usiwaulize "mngependa eneo liitweje?" Waulize, "Ukimpigia mwenzako simu aje akukute hapa, unamwambiaje?" Jibu la swali hilo ndilo jina.

Sisi tunalijua hili kuliko tunavyodhani. Dar es Salaam, mtu anashuka Urafiki bila kufikiria kwamba jina limetoka kwenye kiwanda cha nguo kilichojengwa kwa msaada wa China miaka ya 1960. Anashuka Kamata, na ile kampuni ya mabasi yenyewe imekwenda zake zamani. Kiwanda kinaweza kufa, jina likabaki kondakta analiita kila siku. Sasa fikiria unakuja wewe na kompyuta yako, unaandika ubaoni jina jipya la kifahari ambalo hakuna kondakta atakayeliita. Umepoteza kibao cha bure kinachotangazwa kwa sauti mara mia kwa siku.

Wenzetu wenye busara wameacha majina ya kazi yaendelee. Eneo la King's Cross, London, nyuma ya stesheni, lilikuwa uwanja wa mizigo wa reli. Jengo la nafaka la mwaka 1852 limewapa Granary Square. Mahali ambapo mabehewa yalimwaga makaa kwenye mikokoteni iliyokuwa chini paliitwa "coal drops", na soko la maduka lililofunguliwa pale mwaka 2018 likabaki na jina hilo, Coal Drops Yard. Nairobi nao, kituo cha sanaa kilichoanza mwaka 2003 kwenye ghala la Dunga Road hakikujipa jina la kishairi. Kilijiita GoDown, lile lile godauni tunalolijua. Na Zollverein yenyewe? Ni jina la umoja wa forodha wa dola za Kijerumani wa mwaka 1834. Hakuna anayekwenda makumbusho akiwaza ushuru, lakini jina lipo, limeandikwa juu kwenye mnara wa chuma wa shimo, wenye urefu wa mita 55, na hakuna aliyelibadilisha.

Tengeneza jedwali lenye safu tatu: jina la kwenye michoro ya kiwanda, jina la wafanyakazi, jina analolitaka mteja. Zikigombana, safu ya katikati ishinde. Jambo moja tu halifuati kanuni hii: majina ya madharau. Ukikuta "kambi ya makuli" au "vyoo vya wenyeji", usiyaweke kwenye mshale wa kuelekeza kana kwamba ni jambo la kawaida, na usiyafute kimyakimya pia. Yapeleke kwenye ubao wa maelezo, uyaandike na mwaka wake na sababu yake.

Hatua ya 3: Gawa anwani

Majina hayatoshi. Mtu wa gari la wagonjwa, fundi umeme na kijana wa kuleta chakula wanataka herufi na namba. Zollverein wamefanya hivi vizuri sana. Eneo limegawanywa sehemu tatu: A ni Shimo la XII, B ni mashimo ya 1/2/8, C ni kiwanda cha koki, yaani makaa yaliyookwa kwa ajili ya kuyeyushia chuma. Kila jengo lina namba ndani ya sehemu yake, na namba hiyo huandikwa kwenye mabano ya mraba. Jengo la kuoshea makaa lililo makumbusho leo, anwani yake inasomeka hivi kwa Kijerumani: Areal A [Schacht XII], Kohlenwäsche [A14], yaani Eneo A, Shimo la XII, jengo la kuoshea makaa.

Tazama ile [A14] kwa makini. Ni anwani, lakini pia imeshakuwa sura ya eneo. Ukiona mabano yale kwenye tiketi, kwenye tovuti au ukutani, unajua uko wapi kabla ya kuona nembo yoyote. Mabano hayahitaji mchoraji, hayahitaji rangi, unayaandika kwenye ujumbe wa simu kwa kidole gumba. Ningekuwa na uwezo ningewafungia wanafunzi wote wa usanifu chumbani na mfano huu mmoja hadi jioni.

Ndani ya jengo hilohilo kuna somo la pili. Mashine ya kuosha makaa haikuwa na ghorofa kama nyumba. Ilikuwa na majukwaa kwenye vimo tofauti. Basi Makumbusho ya Ruhr, yaliyofunguliwa humo mwaka 2010, hayasemi "ghorofa ya nne". Yanataja kimo kwa mita: 24, 17, 12, 6. Mgeni anapandishwa kwa ngazi ndefu ya umeme iliyo nje ya jengo hadi mita 24, halafu anashuka, kama makaa yalivyopandishwa juu kisha yakaachwa yateremke mashine hadi mashine. Namba zinamwelekeza na papo hapo zinamsimulia kazi ya jengo, bila sentensi hata moja.

Wewe ukigawa namba, fuata mambo haya. Anza kwenye geti kuu, uzunguke upande mmoja bila kurukaruka. Acha mapengo (A2, A5, A8) kwa majengo yatakayoongezwa. Usitumie jina la mpangaji kama anwani kamwe: mgahawa utahama mwaka kesho, tofali halihami. Kama kiwanda kilikuwa na namba zake za zamani zilizopakwa rangi milangoni, jaribu kuzitumia zile zile kabla ya kubuni mpya. Ukibuni mpya huku za zamani bado zinasomeka ukutani, umewapa watu namba mbili kwa mlango mmoja, na tofauti yake utaijua siku moto umewaka.

Hatua ya 4: Chora ramani ya mtu aliyesimama

Ramani ya ubaoni izungushwe kulingana na upande anaotazama msomaji: kilicho mbele yake kiwe juu ya ramani. Mfumo wa Legible London umefanya hivyo kwa vibao vyake vya watembea kwa miguu, pamoja na duara linaloonyesha umbali wa kutembea dakika tano. Kwa mwendo wa kawaida dakika tano ni kama mita 400. Maeneo mengi ya viwanda yanaingia ndani ya duara moja au mawili, na mgeni akiliona hilo hofu inapungua.

Kitu kirefu kinachoonekana kwa mbali kichore kwa umbo lake, si kwa msingi wake. Bomba la moshi likichorwa kama duara dogo halina maana, lichore limesimama. Na kama kuna reli, zifanye njia. Kule Essen njia za zamani za reli sasa ni njia za kutembea, na reli ikiwa chini ya mguu wako, huhitaji mshale kila hatua ishirini.

Hatua ya 5: Sasa fonti, rangi, na mwisho nembo

Piga picha kila herufi iliyobaki ukutani: rangi iliyofifia, vibao vya hatari, namba zilizochongwa kwenye chuma. Hizo ni hazina. Lakini usizifanye fonti ya vibao vyote. Herufi za kale ni za kutazamwa. Za kuelekeza ziwe za kusomwa na mtu anayetembea, mwenye mtoto mkono mmoja na simu mkono mwingine. Tumia fonti ya kawaida, yenye tofauti ya wazi kati ya I kubwa, l ndogo na namba 1, na usiandike majina yote kwa herufi kubwa. Jock Kinneir na Margaret Calvert, waliochora alama za barabarani za Uingereza zilizoanza kutumika mwaka 1965, walichanganya kubwa na ndogo wakiamini kwamba jicho hutambua umbo la neno zima kabla ya kulisoma.

Kiswahili nacho kina shughuli yake. "Chumba cha Mitambo ya Mvuke" hakikai kwenye kibao kilichopimwa kwa maneno mawili ya Kiingereza. Pima vibao kwa neno refu kuliko yote utakayotumia, na uchague fonti yenye upana mdogo. Kiswahili kiwe juu au kwanza, lugha ya pili ifuate kwa uzito hafifu. Na andika "Choo". Nimeona "Maliwato" mahali ambapo watu watatu kati ya watano waliuliza njia ya chooni wakiwa wameegemea kibao hicho.

Kwa rangi, soma kwanza zilizopo. Matofali mekundu na chuma cha kahawia ndivyo vilivyojaa Zollverein, na walipoweka ngazi zile mpya walizipa rangi ya chungwa inayong'aa kama chuma kilichotoka tanurini. Haijifanyi ya zamani, na haipigani na ya zamani. Mkataba wa Venice wa mwaka 1964 kuhusu uhifadhi wa majengo unataka kinachoongezwa kipatane na kilichopo, lakini kitofautike, kisighushi historia. Hiyo ni kanuni nzuri kwa vibao pia: chagua rangi moja mpya ambayo haipo kwenye eneo, uifanye ya kuelekeza tu, na umkatalie mpangaji yeyote anayetaka kuipaka mlango wake.

Ukifika hapa, nembo karibu imejichora: jina la watu, herufi na namba zako, rangi yako moja. Naomba jambo moja tu. Usiweke gia. Gia na nyundo na mwaka wa kuanzishwa zimeshatumika kwenye kila ghala lililogeuzwa duka la kahawa duniani, na hakuna anayekumbuka ipi ni ya wapi.

Hatua ya 6: Vipimo

Wachoraji wa mabango huhesabu kama milimita 25 za urefu wa herufi kwa kila mita 7 hadi 10 za umbali wa kusoma. Jina la kusomwa kutoka mita 20 lisipungue milimita 60 basi, na ukiwafikiria wenye uoni hafifu, ongeza. Ramani ikae ambapo mtu aliyesimama na mtu aliye kwenye kiti mwendo wote wanaisoma: katikati yake iwe kama mita 1.3 hadi 1.4 kutoka chini. Kibao kimoja kisibebe zaidi ya majina matano ya mahali pa kwenda.

Hatua ya 7: Jaribu kwa karatasi

Kabla ya kukata chuma chochote, chapa vibao vyote kwenye karatasi nyeusi na nyeupe, vibandike kwa selotepu mahali pake, ukae pembeni siku nzima.

Kwenye ghala moja la mji wa pwani nilibandika "Ukumbi wa Mitambo" na mshale unaoelekea juu, nikimaanisha nenda mbele moja kwa moja. Nilikuwa nimejiridhisha kabisa. Saa nne asubuhi akaja mama mtu mzima na mjukuu wake, akasoma, akatikisa kichwa, akaanza kupanda ngazi za chuma zilizokuwa kushoto kwa kibao. Ngazi zile zilikuwa zimefungwa juu kwa mnyororo. Nikamkimbilia.

"Shikamoo mama. Ukumbi uko mbele, si juu."

"Marahaba. Mbele? Mshale si umesema juu, mwanangu? Nami nimepanda."

Alikuwa sahihi. Mshale wa "mbele" ukikaa jirani na ngazi unasomeka "panda". Tulikisogeza kibao mita nne kulia, mbali na ngazi, na ile njia ya juu tukaipa alama yake ya ngazi. Watu kumi na mmoja walipita baada ya hapo bila kusita. Karatasi ile ilikuwa na thamani ya shilingi mia mbili. Kibao cha chuma kingekuwa kimeshachimbiwa zege.

Jaribu pia usiku, na jaribu mvua ikinyesha, maana watu hukimbia wameinamisha vichwa na hawatazami juu ya mita mbili.

Hatua ya 8: Kufunga bila kuumiza ukuta

Matofali ya zamani usiyatoboe. Toboa kwenye udongo wa katikati ya matofali, ule wa chokaa: ukiondoa kibao baadaye, fundi anauziba na hakuna jeraha. Bora zaidi, funga kibao kwenye nguzo inayosimama yenyewe, au kamata nguzo za chuma zilizopo kwa bamba na boliti, bila kuchomelea.

Wakati mmoja nilipenda sana kile chuma kinachoachwa kishike kutu kwa makusudi. Kinaonekana kizuri kwenye majarida. Tukakifunga kwenye ukuta uliopakwa chokaa, karibu na bahari. Masika ya kwanza tu, mistari ya kahawia ilishuka kutoka kila kibao hadi chini, kama jengo linalia. Chuma cha aina hiyo kinahitaji kulowa na kukauka ili kutu yake itulie; kwenye hewa ya chumvi haitulii. Tulikwangua na kupaka mara mbili, na madoa hayajatoka yote. Pwani tumia chuma cha pua cha daraja la 316 kwa nati na boliti zote, na alumini au chuma kilichopakwa vizuri kwa vibao. Acha na upenyo wa sentimita mbili nyuma ya kibao ili maji yapite.

Hatua ya 9: Makabidhiano

Mkabidhi mteja vitu vinne: orodha ya vibao vyote, kila kimoja na namba yake, picha yake na mahali pake, faili za kuchapia, namba za rangi jinsi zilivyoandikwa kwenye kopo, si kwenye kompyuta, na vibao tupu vya akiba, angalau kimoja kwa kila kumi, vilivyokwisha kupakwa rangi. Orodha hiyo msomee mlinzi mkuu pia, kwa sababu ndiye atakayeona kwanza kibao kimeng'olewa. Na mwambie ni nani wa kumpigia: mtu mmoja, kwa cheo, asiyehama na mkataba wa kampuni ya usafi.